Dakika Tisini za Mkupuo wa Kumi na Nne

Asubuhi ya Jumanne Shangazi alifungua kabati la joto, akatoa visahani kumi na viwili, akavipanga mezani, na kabla hata hajavaa miwani akajua kuwa mambo ni yale yale. Kila kisahani kilikuwa kimetandwa na ukungu mweupe kutoka ukingo hadi ukingo. Bakteria walikuwa wamekula, wamelala, wamezaana. Katikati yao kile kipande cha bendeji, kiduara kidogo kama kifungo cha shati, kimekaa kama mgeni ambaye hakuna aliyemsalimu.

"Siku ya tatu," alisema peke yake. "Siku ya tatu tu, na tumeshachapwa."

Akavuta kiti, akakaa. Siku hizi alikuwa anakaa kabla ya kuanza kazi, wakati zamani alikuwa anakaa akishamaliza. Miaka ishirini na sita alikuwa fundi wa maabara ile, na ilikuwa imebaki miezi kumi astaafu. Maabara nzima ilimwita Shangazi, hata Profesa, ambaye alifika pale kijana wa shati moja na Shangazi ndiye aliyemfundisha kushika pipeti bila kutetemeka. Daftari lake la kazi, lenye mwandiko wa wino wa buluu ulionyooka kama uzi wa fundi cherehani, ndilo walilofunguliwa wageni wote wa mwaka wa kwanza: tazameni, kazi huandikwa hivi.

Kazi yenyewe ilikuwa bendeji. Unachukua unga uliotokana na maganda ya kaa na kamba, unaupika katika asidi hafifu mpaka unakuwa ute mzito unaoteleza. Ute huo unashika vizuri kwenye kidonda na wenyewe tu bakteria hawaupendi. Halafu unachukua udongo mweupe, laini kuliko poda ya mtoto, unaulowesha kwenye dawa ya kuua bakteria. Udongo ule ukiuona kwa hadubini ni kurasa juu ya kurasa, kama vitabu elfu vilivyorundikwa. Dawa inajipenyeza kati ya kurasa. Ukichanganya ute na udongo, ukaukausha kwenye trei, unapata utando mwembamba unaokunjika kama karatasi. Ubandike kwenye kidonda, dawa itoke polepole, kidogo leo, kidogo kesho, wiki nzima, mgonjwa asifunuliwe kila asubuhi na kulia upya.

Hiyo ndiyo ilikuwa ndoto. Kuipima ilikuwa kazi ya subira: kila asubuhi unakishika kile kipande kwa kibanio, unakihamishia kwenye kisahani kipya chenye bakteria wapya. Kama dawa bado inatoka, kesho yake utakuta duara tupu kukizunguka, bakteria wamekaa mbali kama waliofukuzwa na moto. Siku usipoona duara, dawa imekwisha, na safari yake imeishia hapo.

Kila utengenezaji mpya waliuita mkupuo. Mkupuo wa kumi na nne, aliouandaa Shangazi kwa mikono yake, ulikwenda siku tisa. Tisa! Profesa alicheza kwenye korido na koti lake jeupe. Baada ya hapo Shangazi akapunguza saa za kazi kwa sababu ya maradhi ya mume wake, na uandaaji akakabidhiwa mwanafunzi wa udaktari wa falsafa, binti waliyemwita Chiriku kwa sababu alikuwa hanyamazi. Chiriku akafuata daftari la Shangazi neno kwa neno. Mkupuo wa kumi na tano ukafa siku ya pili. Wa kumi na sita siku ya pili. Sasa walikuwa kwenye wa ishirini na tisa, mwezi wa tano huu, na Chiriku alikuwa hasemi tena.

Aliingia dakika hiyo hiyo, mkoba begani, akasimama mlangoni bila kusogea.

"Usiniambie," alisema.

"Sijafungua mdomo, mwanangu."

"Mgongo wako umeshaniambia." Akaja, akainama juu ya visahani. Macho yalikuwa mekundu. "Shangazi, nimepima udongo mara tatu. Nimebadilisha maji. Nimebadilisha kampuni ya unga. Nilikaa na saa mkononi, dakika tisini za kulowesha, si themanini na tisa, si tisini na moja. Sasa nibadilishe nini? Nibadilishe mikono?"

"Mikono yako mizuri."

"Profesa hasemi hivyo."

Na Profesa hakusema hivyo. Alipita saa nne, akatupa jicho mezani, hakuuliza. Alimwita Shangazi pembeni, karibu na sinki.

"Ijumaa tunakaa," alisema kwa sauti ya chini. "Barua ya yule binti nimeshaiandika. Namtoa kwenye mradi."

"Ukimtoa kwenye mradi umemtoa chuoni."

"Najua. Unafikiri nafurahia? Lakini mikupuo kumi na mitano, Shangazi. Njia ni ile ile uliyoiandika wewe. Wewe ukifanya inakwenda siku tisa, yeye akifanya inakufa. Tatizo ni nani hapo? Au unataka niseme tatizo ni wewe?" Akacheka, maana kwake huo ulikuwa mzaha mtupu.

Shangazi naye akacheka. Kicheko kilitoka kikavu.

Mchana kutwa aliosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu.

*

Nyumbani mume wake alikuwa amelala ubavu, ameangalia ukuta, kama alivyomwacha. Alikuwa fundi wa redio, mtu wa utani na mikono isiyotulia, mpaka kiharusi kilipomwangusha bafuni na kumwachia upande mmoja tu wa mwili. Ulimi ulimrudia mapema kuliko miguu. Kwa kulala sana mgongo ukafanya kidonda, na kidonda kile Shangazi alikifunga asubuhi na jioni, kila siku, bila Jumapili wala sikukuu. Kazini vidonda, nyumbani vidonda.

"Umerudi, mama," alisema mzee bila kugeuka. "Bakteria hawajambo?"

"Wanakusalimu. Wamenenepa."

"Hao wana bahati. Wanalishwa na mke wangu kuliko mimi."

Akamgeuza, akabandua chachi taratibu huku akilowesha kwa maji ya chumvi. Mzee alifumba macho, akauma meno. Hakulia, lakini vidole vya mkono mzima vilishika ukingo wa godoro mpaka vikawa vyeupe. Hivyo hivyo asubuhi. Hivyo hivyo jana.

Shangazi alipomaliza hakuinuka. Alibaki amekaa pale kitandani na beseni mapajani.

"Una neno," mzee alisema. "Nakusikia unavyopumua. Sema."

"Unakumbuka siku ulipoanguka?"

"Nakumbuka sabuni. Na dari."

"Ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa nimetoka kuulowesha udongo kwenye dawa, ule wa mkupuo wa kumi na nne. Njia inasema dakika tisini. Jirani akanipigia simu, nikaitia chupa kwenye friji nikakimbia. Zilikuwa siku za mapumziko, jengo limefungwa, hakuna mtu. Nilirudi Jumatatu."

Mzee alihesabu kwa vidole. "Siku nne."

"Siku nne. Nilijua imeharibika. Lakini dawa ilikuwa imebaki chupa moja, nikasema niendelee nayo tu, ikifeli imefeli. Sikulala siku zote hizo, nilikuwa kwenye kiti hospitalini. Nikafungua daftari, nikaandika." Akazungusha beseni mapajani. "Nikaandika dakika tisini."

"Kwa nini?"

Hilo ndilo swali alilokuwa akilikwepa kwa miezi mitano. Angeweza kusema ni uchovu, na usingekuwa uongo. Lakini mbele ya mzee huyu, ambaye alimjua hata namna anavyopumua, aliona haya kujipunguzia.

"Sijawahi kuacha kitu kwenye friji," alisema. "Miaka ishirini na sita. Sikutaka jambo hilo liwemo kwenye daftari langu."

"Halafu kikafaulu."

"Kikafaulu, na wote wakapiga makofi. Nikajisemea, basi siku nne hazina neno, ni ule ute tu ulikubali. Binti alipoanza kufeli nikajisemea ni maji. Kisha ni udongo. Kisha…" Alikamua kitambaa ambacho kilishakauka. "Ile dawa inahitaji muda kuingia kati ya kurasa. Kwa dakika tisini inakaa kwenye majalada tu. Ukiibandika, inamwagika yote siku ya kwanza. Nimelijua hilo kitambo. Nimejitia hamnazo."

Mzee akawaza. Kisha mdomo wake, ule upande unaosikia, ukapinda kwa kicheko.

"Kwa hiyo bendeji nimeigundua mimi."

"Wewe!"

"Kwa kuanguka. Ningejikwaa kidogo tu usingeondoka. Waambie waandike jina langu kwanza, la Profesa lifuate. Waandike: mtaalamu wa sabuni."

Shangazi alicheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yakaendelea baada ya kicheko kwisha. Mzee akamwacha alie. Alipotulia akamwuliza, safari hii bila mzaha:

"Na yule binti?"

"Wanamfukuza Ijumaa."

 Mzee aligeuza uso kwenye ukuta wake, na hilo lilimwuma Shangazi kuliko lau angemtukana.

*

Jumatano alijaribu kujipa mlango wa kutokea. Aliwaza kuandaa mkupuo kimya kimya, siku nne friji, akiona unafaulu aseme amegundua jambo. Akapiga mahesabu: siku nne za kulowesha, moja ya kukausha, tisa za visahani. Ijumaa ingepita, barua ingetoka, binti angekuwa ameshafunga mizigo. Hakukuwa na njia ya kuthibitisha kwanza na kusema baadaye. Ilibidi aseme akiwa hana ushahidi wowote ila uongo wake mwenyewe.

Alhamisi alifungua daftari kwenye ukurasa ule. Mwandiko ulikuwa mzuri ajabu. Mkono wa mtu ambaye hajalala siku nne ulikuwa umeandika "dakika 90" kwa utulivu kamili, na pembeni saini. Aliutazama mpaka herufi zikaanza kuogelea. Akafunga. Chiriku alikuwa upande wa pili wa meza akihamisha vipande vya mkupuo wa ishirini na tisa kwenye visahani vipya, ingawa vilikwisha kufa, kwa sababu njia ilisema uhamishe kwa siku kumi na yeye angeifuata njia mpaka kaburini.

"Mwanangu, pumzika."

"Nikipumzika watasema ndiyo maana nafeli."

*

Ijumaa saa tano walikaa ofisini kwa Profesa, watu watatu, mlango umefungwa. Ofisi ilikuwa na harufu ya karatasi na kahawa iliyopoa. Barua ilikuwa mezani, imelazwa uso chini, kana kwamba kuilaza hivyo kungempunguzia mtu uchungu. Chiriku alikaa wima, mikono mapajani. Alikuwa amevaa vizuri, na hilo Shangazi hakuweza kulitazama.

Profesa alianza kwa mbali, kama wanavyoanza wote. Alisifu bidii. Alisema sayansi haina huruma. Alisema kuna watu wana akili kubwa lakini mikono…

"Niliacha siku nne," Shangazi alisema.

Profesa alikatizwa. "Samahani?"

"Mkupuo wa kumi na nne. Udongo haukuloweshwa dakika tisini. Ulikaa kwenye friji kutoka Alhamisi mpaka Jumatatu, nilikuwa hospitalini na mume wangu. Nilipoandika niliandika dakika tisini. Binti huyu amefuata maandishi yangu. Maandishi yangu ni ya uongo."

Nje mtu alikuwa anasukuma kigari chenye gurudumu bovu. Kikapita korido nzima kikilia, kikaishilia. 

"Shangazi," Profesa alisema pole pole, "hizo dakika tisini nimezichapisha."

"Najua."

"Hujui! Kuna watu wa maabara nyingine wananiandikia kwamba haifanyi kazi. Nimewajibu wafuate maelekezo! Mmoja nimemwambia ajifunze kusoma!" Alisimama, akakaa, akasimama. Uso wake ulikuwa wa kijana wa shati moja aliyevunja chombo cha gharama. "Kwa nini hukuniambia? Mimi? Ningekwambia nini mimi? Mume wako yuko taabani, ningekwambia umekosea kukimbia?"

"Usingeniambia kitu."

"Sasa?"

"Ndiyo maana ni mbaya zaidi," alisema Shangazi. Alikuwa amechoka sana, na uchovu ule ulimsaidia, maana haukumwachia nguvu za kujitetea. "Hakuna aliyenilazimisha. Nililinda mwandiko."

Profesa aliishika barua, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye droo. Kisha akaitoa tena kwenye droo na kuichana, kwa hasira, kama vile barua ndiyo iliyomdanganya. Akamgeukia Chiriku.

"Unabaki. Nisamehe. Nitasema hivyo mbele ya wote Jumatatu." Na kwa Shangazi, bila kumtazama: "Wewe usishike kitu chochote kwenye meza ile mpaka niamue. Nahitaji kuwaandikia watu. Sijui hata naanzaje."

Shangazi aliitikia kwa kichwa. Alitegemea kusikia Chiriku akivuta pumzi, au hata asante. Binti alikuwa anamtazama tu, na macho yale hayakuwa na shukrani hata chembe.

"Miezi mitano," Chiriku alisema. "Nilikuwa nalia chooni, Shangazi. Unanigongea mlango unaniletea maji ya kunywa. Ulikuwa unaniletea maji!"

"Nilikuwa nakuletea."

"Nilimwambia mama yangu kwamba mimi ni mjinga. Nilimwambia huenda sikustahili kufika huku. Na wewe unaniambia mikono yangu mizuri."

"Ni mizuri kweli."

"Nyamaza!" Sauti ilipaa, ikavunjika. Profesa aliangalia dirisha. Chiriku alifuta uso kwa kiganja, mara moja tu, kwa nguvu, akasimama. "Njoo."

"Wapi?"

"Maabara. Hutashika kitu. Unakaa, nakuuliza."

Wakaenda. Korido ilikuwa ndefu siku hiyo. Chiriku hakufungua daftari la wino wa buluu. Alichukua jipya kabatini, akalivunja uti wa mgongo kwa kulibonyeza na viganja, akaandika tarehe. Alikalia upande wa Shangazi wa kila siku, na Shangazi akakalia kigoda cha wageni, begi mapajani, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa.

"Chupa uliiweka friji gani?"

"Ile ndogo."

"Rafu ya juu au chini?"

Shangazi alifumba macho. Aliona mkono wake, aliona taa ya friji, alisikia simu ikiita tena mfukoni. "Sikumbuki."

"Kadiria."

"Nikikadiria nitakudanganya tena, mwanangu. Sikumbuki."

Chiriku aliandika. Shangazi aliona kalamu ikienda: *rafu, hakumbuki.* Katika miaka ishirini na sita hakuna karatasi ya maabara ile iliyowahi kubeba neno hilo juu yake.

"Uliifunga kifuniko?"

"Niliifunga."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Niliporudi ilinisumbua kufungua."

"Udongo ulikuwa umetuama chini au umechanganyika?"

"Umetuama. Maji ya juu yalikuwa meupe, safi. Nilishangaa, maana dawa ile ina rangi ya chai hafifu. Rangi yote ilikuwa imeingia chini."

Kalamu ilisimama. Chiriku aliinua kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi kitu kingine kikapita usoni mwake juu ya hasira, bila kuiondoa.

"Rangi yote?"

"Yote. Kama imenyonywa."

"Na hukuliandika hilo."

"Ningeliandika vipi? Kwa dakika tisini haiwezi kutokea."

Chiriku alitikisa kichwa taratibu, akaandika mistari mitatu kwa haraka, akaipigia mstari chini. Maswali yakaendelea zaidi ya saa nzima. Joto la chumba. Chupa ya kioo au plastiki. Alitikisa kabla ya kuchanganya, kwa muda gani, kwa mkono upi. Shangazi alijibu anayoyajua na kusema hajui asiyoyajua, na asiyoyajua yalikuwa mengi, na kila moja lilimtoka kama jino. Mwisho wake mgongo ulimwuma na koo lilikuwa limekauka, na hakuna aliyemletea maji.

"Naanza kulowesha leo," Chiriku alisema, akifunga kalamu. "Chupa sita. Moja ya dakika tisini, nyingine siku moja, mbili, tatu, nne, tano. Nazitoa moja moja. Nataka uwepo nikizifungua, uniambie ipi inafanana na ile uliyoiona. Kwa macho tu."

"Nitakuwepo."

"Ya siku tatu naifungua Jumatatu. Utafika saa tatu?"

Shangazi alifungua mdomo kusema ndiyo. Lilikuwa jibu la miaka yote. Lilikuwa tayari kwenye ulimi. Kisha akawaza beseni, chachi, maji ya chumvi, mzee wa kugeuzwa ubavu huu na ubavu ule, na vidole vilivyoshika godoro.

"Sitafika," alisema. "Nikisema saa tatu nitakuwa nakufurahisha. Mzee ana kidonda, lazima nikifunge kwanza, na siwezi kumharakisha. Saa nne. Huenda na robo."

Chiriku alifungua tena kalamu, akaandika.

"Saa nne na robo," alisema, akageukia friji na chupa zake sita.